Viti 60, watu 7: kwa anayeanza kuchekesha jukwaani Arusha

Wewe unayejiandaa kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza kuchekesha watu hapa Arusha, napenda ujue mapema kwamba usiku wa ukumbi mtupu utakufika, na huenda ukakufika kabla ya ule wa ukumbi uliojaa. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, na kwa miaka 6 sasa nimekuwa nikichekesha jioni, bila malipo au kwa nauli na sahani ya chakula, katika kumbi ndogo za Kijenge, Sakina na Njiro, na mara chache Moshi. Nimewahi kusimama mbele ya watu 200 na nimewahi kusimama mbele ya watu 4. Kuchekesha watu 4 ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi kujifunza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kazi tofauti.

Usiku ulionifungua macho ulikuwa wa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Tulikuwa tumepanga viti 60 vya plastiki kwa mistari iliyonyooka, na ilipotimu saa mbili na nusu walikuwa wameingia watu 7 tu: dada wawili mstari wa mbele, vijana watatu katikati, mama mmoja pembeni, na mzee mmoja peke yake mstari wa mwisho, akiwa na kikombe chake cha chai ya maziwa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Nilishika maiki, na maneno yangu ya kwanza yakawa, "Jamani, watu wako wapi leo?" Nilidhani nachangamsha baraza. Dada mmoja wa mbele aligeuka akatazama viti vitupu nyuma yake, kisha akauvuta mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha jirani akaupakata, kama mtu aliyeanza kufikiria safari ya kurudi nyumbani. Watu hao walikuwa wamekanyaga matope na kulipa kiingilio ili wanisikilize, nami nikawaambia, kwa namna nyingine, kwamba hawatoshi. Dakika 10 zilizofuata hakuna aliyecheka, na haki ilikuwa upande wao.

Tangu siku ile sijawahi tena kuwataja wasiokuja. Aliyefika asiadhibiwe kwa kosa la aliyebaki nyumbani. Naliweka hili mbele ya mengine yote, kwa sababu mengi yatakayofuata hayana maana ikiwa wasikilizaji wako wamekwisha kuona aibu kwa uchache wao.

Jambo la pili ni viti, na hapa naomba uwe na subira nami, kwa maana wanaoanza hulidharau. Mwanasaikolojia Robert Provine wa Marekani, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aligundua kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kicheko huenda kutoka kwa mtu hadi kwa jirani yake, na jirani akiwa mbali kinafia njiani. Mzee aliye peke yake mstari wa mwisho, hata akifurahi, atatabasamu tu, kwa kuwa akicheka kwa sauti atakuwa anajisikia mwenyewe. Kwa hiyo fika ukumbini saa moja kabla, na ukiona dalili za watu wachache, ondoa viti. Mimi hubakiza viti 15 hata kama tumeahidiwa watu 50, navipanga nusu duara karibu na jukwaa, vilivyosalia navibebanisha nyuma ya pazia au jikoni. Watu wakiongezeka, kuongeza kiti ni kazi ya nusu dakika, na kiti kinacholetwa kwa haraka huwapa waliokaa hisia kwamba shughuli imepamba moto. Mwombe pia mwenye ukumbi azime taa za upande wa wasikilizaji na kuacha ya jukwaani, kwani gizani mtu hana haya ya kucheka na hahesabu viti vitupu. Ikiwa watu wamekwisha kukaa wametawanyika, usisimame jukwaani ukawaamuru wasogee. Shuka uwaendee mmoja mmoja kabla hujaanza, uwasalimie, mkubwa umpe shikamoo yake, kisha umwambie kwamba mvua inapiga kelele nawe ungependa akusikie vizuri. Sijawahi kukataliwa.

Sauti nayo inabadilika. Wengi wetu tumejifunza ufundi huu kwa kutazama vipindi kama Churchill Show cha Kenya au Cheka Tu ya Dar es Salaam, vinavyorekodiwa mbele ya umati, na bila kujua tumeiga hata ule utulivu ambao mchekeshaji anauacha ili umati umalize kucheka. Mbele ya watu 7 utulivu huo huwa shimo. Nina kichekesho kimoja cha konda wa kifodi, yaani daladala ndogo, anayewaambia abiria wasogee nyuma kuna nafasi, wakati nyuma kuna abiria, kuku wawili na mlango wa kabati. Ukumbi ukijaa humwiga konda kwa sauti yake yote na kupiga bati la gari ambalo halipo. Usiku ule wa mvua nilifanya hivyohivyo, ikaonekana nagombana na watu. Mara ya pili, mbele ya watu 9 huko Moshi, niliweka maiki chini, nikaketi ukingoni mwa jukwaa, nikakisimulia kama ninavyomsimulia jirani dukani, na sauti ya konda nikaitoa kwa chini, kwa upole wa mtu anayeamini kweli kwamba nafasi ipo. Walicheka kabla sijafika kwenye mlango wa kabati. Maneno hayakubadilika hata moja.

Utani wa makabila unahitaji uangalifu wa pekee. Mimi ni Mchaga, na Wapare ni watani zetu, kwa hiyo nina vichekesho vingi vya Mpare anayeuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Katika watu 200 Wapare wako 20, wanacheka pamoja na kusukumana mabega. Katika watu 7 Mpare ni mmoja, na wote wanageuza shingo kumtazama. Utani wetu tangu zamani ni wa pande mbili. Anayetaniwa ana haki ya kujibu, na mchekeshaji mwenye maiki asiyetoa nafasi hiyo amekwisha kutoka kwenye utani na kuingia kwenye uonevu. Usiku wa Aprili mama aliyekaa pembeni alikuwa Mpare. Nilipoona ametazama chini, nilishuka nikamkabidhi maiki nikasema, "Mtani wangu, nijibu." Akasimama taratibu, akasema kwamba wao Wapare wakishinda kesi hurudi nyumbani na kuku wao, bali sisi Wachaga hurudi kwetu Desemba na magari ya kukodi. Hicho kikawa kicheko kikubwa kuliko vyote vya usiku ule, hata mzee wa nyuma akatua kikombe chake chini ili acheke vizuri, na kuanzia hapo ukumbi ukawa wetu sote.

Kuhusu tarehe sitasema mengi: usipange shughuli siku ya Simba na Yanga, wala katikati ya mwezi mifuko ikiwa imekauka, na kumbuka kwamba Juni na Julai baridi ya Arusha huwafungia watu ndani mapema.

Muda ulioahidi utimize. Ikiwa ni dakika 15, toa dakika 15 zenye vichekesho vyako bora, usizikate kwa kukata tamaa, wala usizirefushe ukitafuta kicheko kilichokataa kuja. Ukishuka, simama mlangoni umshukuru kila mmoja kwa mkono. Kisha, kabla ya kulala, fungua daftari uandike walikuwa wangapi, walikaa wapi, kichekesho kipi kilimfanya nani acheke, na ni wapi walinyamaza. Katika watu 200 huwezi kujua nani alinyamaza. Katika watu 7 unawakumbuka wote kwa sura, na daftari langu la usiku ule lina kurasa 4.