Orutu iliniliza matangani; mbona rekodi hainilizi?

Swali: Fundi, habari za kazi? Mwezi jana tulimzika babu kule Siaya. Usiku wa matanga mzee mmoja alipiga orutu bila kuimba, na mtu mzima mimi nikalia. Nilirekodi kwa simu. Nikiisikiliza hapa Kondele nasikia uzi unakwaruzwa tu. Simu ni mbovu, au machozi yameniishia?

Jibu: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Machozi yako hayana kasoro, na simu si mbovu. Imefanya kazi iliyoundiwa, yaani kunasa maneno ya mtu anayezungumza.

Orutu, fidla ya Waluo, ina uzi mmoja, upinde, na mzinga mdogo uliowambwa ngozi. Haina vituo kama vya gitaa, kwa hiyo kidole huteleza kutoka noti hadi noti, karibu na sauti ya mama anayeomboleza. Ila kinachokamata moyo zaidi, kwa masikio yangu, ni tofauti ya nguvu: upinde unanong'ona, unanong'ona, mara unalia. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba muziki unapotusisimua, ubongo hutoa dopamini, kemikali ya raha, hata kabla kilele hakijafika, wakati bado tunakingoja. Ukiondoa mnong'ono, utangoja nini?

Na simu huuondoa. Ina kidhibiti kinachojiendesha: sauti ikishuka huipandisha, ikipanda huibana. Niliwahi kumrekodi mpiga orutu chini ya mabati, manyunyu yakianguka, simu ikiwa kando ya maikrofoni yangu. Kwenye simu, kila upinde ulipotulia mvua ilijaa kama mafuriko ya Budalang'i. Upinde ulipolia, mvua ikapotea, na orutu ikabaki kimo kile kile.

Halafu kuna spika. Chini ya hezi 300 hivi, yaani kwenye sauti nene, spika ndogo ya simu huishiwa nguvu, na ngoma inabaki kofi lisilo na tumbo. Sikio nalo lina ujanja wake. Watafiti Fletcher na Munson walichapisha vipimo vyao vya usikivu Marekani mwaka 1933: ukisikiliza kwa sauti ya chini, besi ndiyo hutoroka kwanza.

Safari nyingine tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima kidhibiti hicho. Mwombe mzee apige pale panapovuma zaidi, shusha kiwango mpaka kipimo kisiguse nyekundu, kisha usikiguse tena. Simu ilaze juu ya leso iliyokunjwa, kama mita moja kutoka kwake. Meza tupu hunasa kila mtetemo. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, kama nafasi ipo, ingawa hilo si la kukukosesha usingizi.

Ukisikiliza, vaa hedifoni za kufunika masikio, usiku, watoto wakishalala. Mwanzo ukihisi sauti iko chini, vumilia. Ukiupandisha mnong'ono, kilele kitakuumiza.

Ile ya Siaya sijui programu ya kuinyoosha ikarudi ilivyokuwa. Usiifute hata hivyo. Isikilize mara moja bila kuifuata orutu kabisa, fuata watu waliokuwa wamekaa karibu nawe. Kila upinde uliposhuka, simu iliwapandisha wao.