Giaboksi ya Otomatiki Inapokufa: Majibu kwa Wenye Pikapu za Zamani

*Ninabeba kabichi kutoka Kinangop hadi Soko la Wakulima kwa pikapu ya Toyota ya mwaka 1998. Asubuhi nikiiweka kwenye D inakawia kabla ya kushika, na tukipanda kutoka Mai Mahiu injini hulia bila mwendo kuongezeka. Fundi amesema giaboksi imekufa. Nimwamini? (Uthiru)*

Huenda anasema kweli, ndugu yangu, lakini mwombe akuonyeshe maiti kabla hujalipia mazishi. Gari likiwa limepata moto na limesimama mahali tambarare, injini ikinguruma, pitisha mkono wa gia polepole katika kila nafasi, urudi kwenye P, kisha uchomoe kijiti cha kupimia oili. Upungufu wa oili peke yake unaweza kuleta dalili zote mbili ulizozitaja, kwa kuwa pampu inayovuta hewa haiwezi kujenga shinikizo la kuzibana sahani za klachi. Vilevile, Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kebo nyembamba inayotoka kwenye mfumo wa akselereta hadi kwenye giaboksi, ambayo ikilegea shinikizo hushuka na klachi huteleza. Kuirekebisha ni kazi ndogo, na sielewi kwa nini huwa ndicho kitu cha mwisho kutazamwa.

Ikiwa oili imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, sampu, yaani karai la oili lililo chini ya giaboksi, na ifunguliwe mbele ya macho yako. Utandu laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, lakini ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa pamoja na makapi meusi ya klachi, fundi wako hajakudanganya. Kwa sasa usiipandishe tena mlima ikiwa na mzigo.

*Kirinyaga Road ninauziwa giaboksi iliyotumika kutoka Japani, ilhali fundi wa Industrial Area anataka kuifungua yangu na kuitia klachi na sili mpya. Nichague lipi? (Mama mwenye gari la mbao, Gikomba)*

Mama, kama gari hilo utakaa nalo miaka kadhaa na mwili wa giaboksi pamoja na gia zake ni mzima, mimi ningeifungua, mradi fundi awe anashughulika na otomatiki kila siku, si yule anayejaribu kwa mara ya kwanza. Iliyotumika hurudisha gari barabarani haraka, lakini ni mbuzi kwenye gunia: hakuna ajuaye ilitembea kilomita ngapi wala kwa nini gari lake lilivunjwa.

Ukiamua kununua, anza na kibati cha chuma kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, usome mstari wa TRANS/AXLE, kwa maana giaboksi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa kengele, yaani gamba la mbele linaloungana na injini, kwa plagi za waya, na kwa uwezo wa kuendesha magurudumu mawili au manne. Ya injini ya petroli haiingii tu nyuma ya dizeli kwa sababu muuzaji amesema itaingia. Inuse oili iliyobaki ndani, na risiti ibebe nambari ya giaboksi na siku ulizopewa za kuijaribu. Ukichagua kufungua, toku konveta, kile kiungo kinachopitisha nguvu ya injini hadi giaboksi kwa msukumo wa oili, nayo ibadilishwe au ifanyiwe kazi, maana takataka za klachi zilizoungua hujificha humo na kurudi kuziba vali za giaboksi iliyotengenezwa upya.

*Oili ya giaboksi yangu imegeuka kama maziwa ya waridi. Nimeibadilisha mara mbili na bado gari linatetemeka. Je, ninunue giaboksi nyingine? (Kariobangi)*

Usinunue bado, kwa sababu utaiua na hiyo. Katika magari mengi, oili ya giaboksi hupita ndani ya kipoza kidogo kilichofichwa kwenye tangi la rejeta ili ipoe. Rejeta iliyonyweshwa maji ya mfereji kwa miaka mingi badala ya kulenti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) huliwa na kutu, kipoza hutoboka, na vimiminika viwili hukutana. Maji hulegeza gundi inayoshikilia utando wa sahani za klachi, utando hubanduka, na hapo kubadilisha oili hakuponyi tena, ingawa anayewahi mapema sana anaweza kunusurika.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: rejeta kwanza, kisha mabomba ya oili yasafishwe kwa msukumo mpaka yatoe safi, ndipo giaboksi ifungwe. Kwa gari la mizigo ningeongeza kipoza cha nje mbele ya rejeta. Joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi hizi, na msongamano wa Jogoo Road nao ni jiko.

*Nikibadilisha giaboksi ni lazima niarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani? (Ruaka)*

Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, hubeba nambari ya chesisi na ya injini, si ya giaboksi. Ni injini inapobadilishwa ndipo kumbukumbu hizo hurekebishwa.

*Giaboksi nyingine ilifungwa jana, lakini gari halisogei mbele wala nyuma, na kuna mlio wa kusaga. (Githurai)*

Zima injini sasa hivi. Kuna uwezekano kwamba toku konveta haikuingia hadi mwisho, na fundi akaivuta giaboksi kwa boliti hadi ikakutana na injini, hivyo pampu ikapondeka. Giaboksi inapaswa kugusana na injini kwa msukumo wa mikono pekee, konveta ikizunguka kwa uhuru nyuma ya flaiwili. Atakayeifungua aanze na pampu, na gharama hiyo si yako. Ukiliita brekidauni, magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yasiguse lami, au propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma) ifunguliwe, kwa kuwa injini iliyozimwa haizungushi pampu, na giaboksi hukokotwa bila oili.