Gredi A mkononi, Harvard i mbali kiasi gani?

Barua za wiki hii zimetoka kwa watahiniwa na wazazi wao, na zote zinazunguka jambo moja: vyuo vya Marekani vinavyochagua kwa ungo mdogo.

Nilipata A katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2024. Mwalimu mkuu anasema Harvard lazima wanichukue. Nafasi yangu ni asilimia ngapi? (Kijana, Bungoma)

Hongera sana, mwanangu. Mwaka ule mliopata A nchi nzima mlikuwa 1,693. Lakini Harvard hawana "lazima". Kwa kundi lililoingia 2024 waliomba watu 54,008 kutoka pande zote za dunia, wakakubaliwa 1,937. Ukigawanya unapata chini ya asilimia 4, ila usijipachike hesabu hiyo: haisemi lolote kukuhusu wewe. A yako inakufikisha mlangoni, na ukifika utakuta umati wenye A zao. Wengi wanaoachwa nje wangeyamudu masomo bila shida. Omba, lakini iwe moja kati ya shule kumi hivi. Na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ifanye mapema, kwa maana Harvard na MIT wamerudi kuidai.

Mimi ni mvuvi wa Lamu. Binti yangu ananiambia kuna fomu ya kuomba msaada wa karo. Tukisema hatuna kitu, si watamwacha? (Baba)

Baba, natamani kila mzazi aulize swali hili, maana hapa ndipo nafasi za watoto wetu hupanda au huporomoka. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown husoma ombi la mgeni bila kuangalia mfuko wa mzazi, na wakimkubali mtoto hulijaza pengo lote wanaloona familia haiwezi kulijaza. Vyuo vingine vingi, Stanford ikiwemo, huuangalia mfuko, na anayehitaji msaada mkubwa hugombania viti vichache zaidi. Aanze na hivyo vinane.

Tafadhali msijaze "hatuhitaji msaada" mkitumaini kuomba akishafika. Vyuo vingi haviufungui tena mlango huo kwa mgeni.

Najua huna hati ya mshahara. Keti na binti jioni moja muandike: wakati wa kaskazi mnauza samaki wa shilingi ngapi kwa wiki, kusi bahari ikichafuka mnabaki na nini, mafuta ya injini, deni la nyavu, karo za wadogo zake. Fanyeni jumla ya mwaka na muiambatishe na barua ya maelezo. Msipunguze wala msiongeze. Hata ada ya kuombea chuo husamehewa, mradi aombe.

Sikuwa na klabu wala mashindano. Nikitoka shule nilikaa kwenye kioski cha mama. Niandike nini? (Msichana, Kisumu)

Andika kioski, mwanangu. Kuna binti aliyeniletea insha kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nzuri, na angeweza kuiandika mtu yeyote. Nikamuuliza kuna nini mkobani. Akatoa daftari la madeni la mama yake. Kando ya kila jina alikuwa ameweka alama kwa kalamu nyekundu: nukta kwa anayelipa mwisho wa mwezi, mstari kwa anayelipa siku ya chama, na duara kwa yule ambaye deni lake halidaiwi tena, lakini mama humpimia unga kwa sababu ana watoto. Yale maduara tuliyazungumza saa nzima, na ndiyo yaliyokuwa insha.

Fomu ya pamoja ya maombi, Common App, ina nafasi ya shughuli kumi. Kuuza, kulea wadogo, kuchota maji, zote ni shughuli. Taja saa kwa wiki. Na barua ya mwalimu aiandike anayekukumbuka kwa tukio fulani. "Mpole na mwenye bidii" huandikiwa kila mtu.

Wakala anataka shilingi 60,000 na anahakikisha nafasi. Nimlipe?

Usimlipe. Nafasi hiyo hakuna awezaye kuihakikisha. EducationUSA, washauri wa serikali ya Marekani kuhusu masomo ya huko, wapo Nairobi na ushauri wao ni wa bure, na tangu 2004 mpango wa KenSAP umekuwa ukiwaandaa vijana werevu wasio na uwezo waombe vyuo hivi.

Niliomba vyuo tisa, vyote vimenikataa. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, wamenipa uhandisi. Niache nijaribu tena? (Kijana, Nyeri)

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza itazame orodha. Kama vyote tisa ni vya kuchukua chini ya asilimia 10, basi orodha ndiyo iliyokuangusha. Marekani kuna vyuo vidogo visivyovuma huku kwetu ambavyo huwafadhili wageni vizuri.

Amua kabla ya kujisajili hapa nyumbani. Ukishasoma mwaka mzima, vyuo vingi vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na mgeni anayehamia huku akihitaji fedha hupata mlango mwembamba mno. Kama uhandisi ndio uliokuwa ukiutaka, mimi ningekwenda, kisha nikatafuta ufadhili wa uzamili. Ukiamua kurudia, niandikie kabla ya Agosti na uniletee majina yote tisa, tuanzie hapo.