Korona haikunitoa, mdogo wangu

Wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa binti mmoja wa Ngaramtoni, kule Arusha. Anaoka keki nyumbani na anataka kufungua darasa la mtandaoni, kama langu la kushona. Salamu ndefu, pongezi nyingi, picha ya keki ya ghorofa tatu, halafu chini kabisa: "Dada, nimesikia wewe korona ndiyo iliyokutoa kimaisha. Naomba siri."

Nilisoma na mswaki mdomoni. Chai ya asubuhi hiyo haikunoga.

Nilimjibu vizuri, maana mtoto wa watu hana kosa. Lakini maneno hayo nimeyasikia mara nyingi: kanisani, sokoni, hata kwa shangazi yangu ambaye alijua kabisa nilivyokuwa nakopa unga dukani kwa jirani. Kwa hiyo leo naandika yale ambayo sikumwandikia.

Mwanzoni mwa 2020 nilikuwa na fremu Moshi mjini, si mbali na stendi. Vyerehani vitatu, viwili vya miguu na kimoja cha umeme, na wasichana wawili wa kazi. Riziki yangu ilikuwa wageni. Mikoba ya kitenge, aproni, vifuko vya chupa za maji, na zile suruali pana za lastiki kiunoni ambazo mzungu akishuka mlimani leo anazitaka kesho kabla ya ndege. Kumshonea mama wa Majengo gauni la kitchen party sikutaka kabisa. Wateja wa mjini nilikuwa nawaona wasumbufu, wanakata bei, wanarudisha nguo mara tatu. Nilikuwa na maringo, nakiri. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na sisi tunaoishi chini ya Kibo tulidhani huo ni mto usiokauka.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Alikuwa abiria aliyetoka Ubelgiji na kushuka hapa hapa kwetu, uwanja wa ndege wa KIA, siku moja kabla. Kesho yake shule zikafungwa. Mwezi wa nne ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 18 Mei, na hata ziliporuhusiwa hazikuja na watu. Mwaka ule wote watalii hawakuzidi sana laki sita. Mtaani kwetu hiyo ilimaanisha wapagazi wameketi kwenye kivuli cha mwarobaini tangu asubuhi, wanaume wazima wenye nguvu, wanacheza drafti.

Mimi nilikuwa na oda ya hoteli moja, aproni 60 na vitambaa vya meza 40. Nimeshakopa vitenge, nimeshashona, nimeshapiga pasi na kufunga kwenye mifuko. Shilingi 640,000. Meneja akaacha kupokea simu. Nikaenda mwenyewe, mlinzi akanielekeza ndoo yenye koki ninawe mikono, nikanawa vizuri kwa sabuni, halafu akaniambia bosi hayupo. Gari la bosi nililiona. Mwaka uliofuata nilipewa 200,000. Zilizobaki nimesamehe, ndivyo ninavyowaambia watu wa jumuiya yetu, ila nikipita kwenye geti lile mpaka leo naangalia upande wa pili wa barabara.

Sasa barakoa. Kila anayesema korona ilinitoa anafikiria barakoa. Nilishona, ndiyo. Wiki ya kwanza niliuza 2,000 moja, baada ya mwezi 1,000, na mwezi wa tano vijana walikuwa wanazitembeza stendi kwa 500. Lastiki ikaadimika mjini, ikabidi tununue tisheti za mitumba soko la Memorial, tuzikate vipande vyembamba, tuvute mpaka vijikunje, ndiyo kamba za masikio hizo. Wazo hilo lilikuwa la msichana wangu wa kazi, si langu. Zetu zilikuwa za tabaka mbili. Juni Shirika la Afya Duniani likashauri za kitambaa ziwe na tabaka tatu, na mimi nina 200 zilizokwisha kukatwa. Mwezi huo huo Rais Magufuli akatangaza kwamba nchi haina tena korona, na kuanzia hapo ukivaa barakoa kwenye Hiace watu wanakuangalia kama wewe ndiye mgonjwa. Zile 200 nilizitumia kama vitambaa vya kufutia mafuta ya mashine. Barakoa zililipa kodi ya fremu kwa miezi miwili, basi. Huo ndio utajiri wenyewe.

Siku za katikati naziruka. Nilikula ndizi za mama, nikapiga nyungu ya kujifukiza, msichana mmoja akarudi kwao Same.

Darasa la mtandaoni lilianza Julai, na lilianza vibaya. Nilitangaza kwenye status: "Jifunze kushona mkoba wa kitenge kwa siku tano, Zoom, 10,000 tu." Wakalipa 19. Niliona nimefika. Nikapanga taa mbili, nikatundika kitenge ukutani nyuma yangu, nikavaa hereni. Saa mbili usiku nikaanza na salamu, utambulisho wa kila mmoja, historia yangu na cherehani, na kabla sijakata hata kitambaa zile dakika 40 za bure zikaisha, Zoom ikatutoa wote nje. Siku ya pili umeme ulikatika. Siku ya tatu wengi bando limeisha, wakabaki wanne, na mmoja kati yao simu yake ilikuwa inaonyesha dari.

Wengi walisamehe hela yao. Wawili walidai. Niliwaambia imeshaingia kwenye maandalizi. Maandalizi gani? Nilinunua unga, sukari na mkaa. Mmoja aliandika kwenye status yake "matapeli wa Moshi", nikamblock. Hili sijawahi kulisema hadharani. Mwaka jana nilitafuta namba yake, nikamrudishia 10,000 na ya kutolea juu. Hakujibu kitu.

Wale wanne waliobaki ndio walionifundisha kazi. Nilikuwa na aibu nao, nikawaambia tuendelee WhatsApp, kila mtu anitumie picha ya alipofikia. Mama mmoja wa Babati akatuma mkoba ambao zipu yake imevimba na kujipinda kama nyoka aliyemeza panya. Nilichukua ile picha, nikachora duara jekundu kwa kidole kwenye simu pale uvimbe unapoanzia, nikamrekodia sauti: mama, mkono wako wa kushoto unavuta kitambaa cha chini, acha kuvuta, na kabla ya kupitisha mashine piga bandi kwanza, ule mshono wa muda wa mkono. Akafumua. Akatuma tena, zipu imepungua uvimbe ila imehamia upande. Nikachora tena. Mara ya nne, saa saba usiku, zipu ilikuwa imelala kama imepigwa pasi. Akanirekodia sauti akicheka: "Mwalimu, video za bure nimeangalia nyingi mpaka macho yanauma. Hakuna hata moja iliyoniambia kwamba shida ni mkono wangu wa kushoto."

Nilisikiliza sauti ile mara tatu. Kumbe watu hawakukosa wa kuwaonyesha. Walikosa wa kuwaangalia. Video ya kushona zipu ni ya bure, iko kwenye simu ya kila mtu, na wanaozipiga wana kamera na taa kunizidi mimi. Lakini video haioni mkono wa mama wa Babati. Mdogo wangu wa Ngaramtoni, kama ulikuwa unataka siri, ndiyo hiyo. Usiuze kuonyesha. Uza kusahihisha.

Darasa la pili nikalipanga upya. Wanafunzi 12, hakuna wa 13, hata kama ni mtoto wa pacha wa mama yangu. Video moja ya dakika tatu kwa kila hatua, maana WhatsApp siku zile ilikuwa haipokei video ya zaidi ya MB 16, na kizuizi hicho kilinifundisha kufunga mdomo. Halafu siku mbili za picha na masahihisho. Na picha lazima iwe ya ndani ya nguo. Nje kila mtu anajua kupendezesha, anaweka na ua pembeni. Ndani ndiko mshono unakosema ukweli. Ada nikapandisha hadi 30,000, na nilishangaa: waliolipa 10,000 walikuwa hawashoni, wa 30,000 walikuwa wananiamsha alfajiri.

Usidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Mwishoni mwa Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi mkuu, mitandao ilibanwa, na darasa langu lilikuwa katikati ya hatua ya kola. Wenye VPN waliendelea, wengine walikaa kimya siku kadhaa, na mimi nikawapigia mmoja mmoja kwa vocha yangu, nikielezea kola kwa mdomo. Jaribu siku moja kumweleza mtu kola kwa mdomo. Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Mwanafunzi anatuma 30,000, anakatwa yeye, na mimi nikitoa nakatwa tena, wakaanza kuniuliza kama wanaweza kulipa nusu. Nikaruhusu awamu mbili, ambalo lilikuwa kosa, kwa sababu ukitumiwa mara mbili tozo nayo ni mara mbili. Septemba serikali ilipunguza kwa asilimia 30, tukapumua kidogo.

Na kuna aliyenichoma kisu. Mwanafunzi wangu, tena niliyempa nafasi kwa nusu bei kwa sababu alisema amefiwa. Alichukua video zangu zote, sauti yangu imo, kikohozi changu kimo, akafungua grupu lake akawauzia watu kwa 5,000. Nilijua pale mtu aliponiuliza mbona sauti yangu inafanana na ya mwalimu wake. Nililia. Nilitaka kumwanika mtandaoni, mume wangu akanizuia. Baadaye nikagundua kitu: waliomlipa walikuwa wanamtumia picha na yeye hajui cha kuwajibu. Saba kati yao walihamia kwangu kwa bei kamili. Bado inaniuma, sitadanganya.

Ila Desemba ilipofika, kilichonilisha zaidi wala hakikuwa darasa. Mnajua Desemba ya huku kwetu: watu wanapanda kutoka Dar, magari yanapangana, kila ukoo unataka sare ya kitenge ya kupigia picha ya Krismasi Rombo na Marangu. Ni wale wale wateja wasumbufu niliowadharau. Nilishona sare za familia tano, moja ina watu 23 na babu asiyetaka kupimwa. Walikata bei, walirudisha nguo, na walilipa taslimu kabla ya mwaka mpya. Tangu hapo mlango wa fremu yangu unawaangalia watu wa Moshi kwanza. Mgeni akija, karibu.

Sasa niseme jambo, mnisamehe kama nitakuwa kama mhubiri. Ndugu zangu mnaongoja. Mnangoja simu nzuri, mnangoja kamera, mnangoja mtaji, mnangoja mtu wa nje awashike mkono. Mimi nilianza na simu yenye kioo kilichopasuka, na lile duara jekundu nililichora kwa kidole. Anza na ulichonacho. Anza na wanne. Kama huna wanne anza na mmoja, lakini msahihishe huyo mmoja mpaka zipu ilale. Na acheni kufungua madarasa ya vitu mlivyojifunza juzi! Siku hizi kila mtu ni mwalimu, amepika keki mbili amefungua grupu. Utamsahihishaje mtu kosa ambalo wewe hujawahi kulifanya? Mimi zipu nimeziharibu kwa miaka tisa, ndiyo maana nikiona picha najua mkono upi unavuta. Na aliyekulipa akikosa huduma, mrudishie hela yake. Mrudishie siku hiyo hiyo, usisubiri miaka kama mimi.

Yule mama wa Babati, kwa taarifa yenu, amefungua fremu yake mwezi uliopita. Alinitumia picha ya kibao cha nje. Nikamwambia nataka ya ndani.

Kwa hiyo binti wa Ngaramtoni nilimjibu hivi: hiyo keki ya ghorofa tatu ni nzuri, hongera, ila sitaki kuiona. Nitumie iliyobonyea katikati, halafu niambie ilibonyea kwa nini. Picha imefika jana usiku, pamoja na maelezo ya aya tatu kwamba kosa ni la jiko.