Amevuka ziwa usiku bila pasipoti: je, atafungwa akijitokeza?

Swali: Binamu yangu alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa boti ya wavuvi akitokea upande wa Uvira, akiwa na watoto wawili, akashukia kijijini kwetu mkoani Kigoma. Hana pasipoti wala hakupita kwa maofisa wa uhamiaji. Leo ni siku ya tatu yuko kwangu, na majirani wanasema akijitokeza atafungwa, kisha atarudishwa Kongo. Ni kweli?

Jibu: Majirani wamekosea, ingawa woga wao una chanzo. Chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, kuingia nchini kinyemela ni kosa, na kumficha aliyeingia hivyo kunaweza kukuponza hata wewe mwenyeji. Lakini kwa anayekimbia vita ipo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayosema kwamba anayeomba hifadhi hatawekwa ndani wala kuadhibiwa kwa sababu tu ya namna alivyoingia, ila kwa sharti moja zito: ajitokeze ndani ya siku saba kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (ofisa mwenye mamlaka madogo ya kimahakama, si askari). Siku tatu mmekwisha kuzitumia. Kuvuka usiku hakumfanyi mkosaji. Kukaa kimya ndiko kutakakomfanya.

Kuhusu kurudishwa, Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza kumpeleka mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini kwa sababu kama kabila, dini au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake, unakwenda mbali zaidi, kwani unakataza hata kumzuia mpakani, na unamhesabu kuwa mkimbizi yeyote aliyelazimika kuhama kwa machafuko makubwa, hata kama yameikumba sehemu tu ya nchi yake. Kwa hiyo binamu yako halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekuwa akimwinda yeye binafsi.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye maelezo ya kwanza. Mtu huulizwa, "Umekuja kufanya nini?" naye hujibu, "Nimekuja kutafuta maisha," akimaanisha amenusurika kufa, karani huandika "anatafuta kazi", na neno hilo humfuata hadi mwisho wa shauri. Aeleze alichokiona: risasi, nyumba kuchomwa, tarehe aliyoondoka, na asomewe maelezo yake kabla ya kuweka dole gumba.

Jambo moja huenda lisikufurahishe. Sheria hiyohiyo ya Wakimbizi humtaka akae katika eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu, na kutoka kambini huhitaji kibali. Mimi huliona sharti hilo kuwa la kubana mno, hasa kwa mwenye ndugu wa kumpokea, lakini ndiyo sheria ilivyo kwa sasa.

Mpeleke kwa mtendaji wa kijiji leo, pamoja na watoto, na mwombe aandike tarehe mliyofika, agonge muhuri na kuwapa nakala.