Ulizeni Mwalimu: Fundi, jiite "skilled"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Unga Limited, Arusha. Kampuni ya utalii imetangaza kazi, wanataka "skilled mechanic". Kwenye barua nikaandika "I am a skillful mechanic". Mwenzangu wa gereji anasema nimeharibu, eti hata herufi nimekosea. Haya maneno yanatofautianaje? Halafu sina cheti, ufundi nimejifunzia gereji.
Fundi, Unga Limited

JIBU: Marahaba. Herufi tuzimalize haraka: Waingereza huandika "skilful", l moja katikati, na Wamarekani huweka mbili. Shule zetu zimefuata Waingereza. Mwajiri atakayekunyima kazi kwa sababu ya l moja, mwache aende zake.

Kwenye maana ndipo mwenzako ana hoja. "Skilled" humweka mtu kwenye kundi lake: huyu kazi ameisomea au ameizoea mpaka anaiweza. "Skilful" husifia namna kazi ilivyofanyika. Dereva akilitoa Land Cruiser kwenye tope la masika bila kumwaga chai ya mgeni, mgeni atasema "skilful", na ana haki. Wewe ukijiita hivyo kwenye barua, umejisifu kabla gari halijaingia gereji. Andika "I am a skilled mechanic", halafu taja unachokifanya kwa majina yake: gia boksi, difu, springi zinazovunjikia njia ya Ngorongoro. Bosi wa gereji za utalii akiona springi ataisoma barua mpaka mwisho.

Nikuibie na siri ya neno lenyewe. "Skill" lilitoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, haohao waliowaachia Waingereza "egg" na "knife". Kwao "skil" ilihusu kupambanua, kujua hiki ni hiki na kile ni kile. Mimi maana hiyo ya zamani naipenda kuliko ya leo. Gari linalia, wanafunzi wako wanataka kufungua kila kitu, wewe unatega sikio na kusema: beringi ya tairi la nyuma, difu liacheni.

Cheti kisikutishe. "Skilled" haiulizi ulijifunzia wapi. Ila mwajiri anaweza kuuliza, kwa hiyo nenda VETA ukaulizie kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kile unachokiweza, na ukifaulu unapewa cheti. Mafundi kama wewe ndio waliolengwa.

La mwisho hukuliuliza, lakini nimesoma wasifu wa vijana wengi mno nikachoka. Chini ya kichwa "Skills" usiandike "hardworking, honest, God-fearing". Hizo ni tabia, tena njema, na mdhamini wako ndiye wa kuzishuhudia. Hapo andika kuchomelea, kupima umeme wa gari, leseni ya udereva uliyonayo.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita ameniuliza nikashindwa. Kama "craft" ni kazi ya mikono, mbona ndege nayo ni "aircraft"?
Mzazi, Majengo, Moshi

JIBU: Hapo kale "craft" ilimaanisha nguvu, na Wajerumani mpaka leo husema "Kraft" wakitaja nguvu. Waingereza wakaisogeza kwenye ujuzi, baadaye wakaviita hivyo vyombo vidogo vya majini, na ndege zilipokuja zikarithi jina. Mwambie pia kwamba kwenye wingi s haiongezwi: zikitua kumi pale KIA bado ni "ten aircraft". Na asije akamwita mwalimu wake "crafty" akidhani anamsifia ufundi, maana atakuwa amemwita mwenye hila.