Jirani ameshusha bei ya laptopu: piga hesabu kabla ya kumfuata

Ndugu uliyeuliza kama ushushe bei kwa sababu jirani yako pale Oginga Odinga Street, Kisumu, ameshusha za eksi-UK (laptopu zilizotumika Uingereza): usiguse bei kwanza, shika kikokotoo.

Tuseme mashine imefika dukani kwa shilingi 22,000, nauli ya kutoka Nairobi ikiwemo, nawe unauza 25,000. Unabaki na 3,000. Ukitoa asilimia 5 tu, yaani 1,250, unabaki na 1,750. Kwa mteja hilo ni punguzo dogo. Kwako ni zaidi ya asilimia 40 ya faida iliyokwenda. Uliyekuwa ukiuza 10 sasa sharti uuze 18 ndipo ufikie zile 30,000. Na jirani akishusha tena, hao wanane wa ziada watapita mlangoni pako wakienda kwake.

Kampuni kubwa za kompyuta zimepitia haya. Dell ilipokata bei mwaka 2001 soko likiwa limelala, ilikuwa ikiuza moja kwa moja kwa mteja na kukaa na vipuri vya siku chache tu. Bei ya memori ikishuka, ilinunua kwa bei mpya mara moja, kwa hiyo iliweza kushusha bila kuumia sana kama wenzake. Compaq ilikuwa na mzigo mwingi mikononi mwa mawakala, na bei ikishuka mawakala hudai fidia kwa stoki waliyoinunua ghali. Compaq ikamezwa na HP mwaka 2002. IBM ikauzia Lenovo kitengo chake cha kompyuta mwaka 2005. Aliyelala usingizi mnono ni Microsoft: iuzwe ghali au rahisi, karibu kila mashine ililipia Windows.

Kwa hiyo chunguza jirani ananunua kwa nani. Kama anachukua mzigo mzima kwa mwagizaji nawe unaokota tano tano, humwezi kwa bei.

Za kushusha, hata kwa bei ya kununulia, ni zile zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na cha 7. Huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu (za 7 zinazopita ni chache mno). Kila mwezi zinapokaa rafuni zinakula mtaji. Za kizazi cha 8 shikilia 25,000, ila mpe mteja waranti ya miezi 6 iliyoandikwa kwenye risiti, na umpimie betri mbele yake. Mkoba, mausi na kuongeza RAM (memori) viuze kando. Huko asilimia ya faida ni nono kuliko kwenye mashine yenyewe.